Mcheza Kwao Hutunzwa: Kwa Maana Ipi?

Kuna methali ambayo sisi waalimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi wetu mapema sana, na ambayo aghalabu haifikiriwi hadi mwisho wake: Mcheza kwao hutunzwa. Neno kutunza lina maana mbili. Ya kwanza ni kutuza, yaani kumpa mchezaji zawadi mbele ya hadhara. Ya pili ni kulea, kuhifadhi, kukiangalia kitu kisiharibike. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika shule za Kasese na Bwera, magharibi ya Uganda, mtoto anayeimba na kupiga ngoma hutunzwa sana kwa maana ya kwanza, na kwa maana ya pili huachwa mkiwa. Tena nataka kudai kwamba mwenye nguvu ya kuligeuza jambo hili ni mzazi yule yule anayejivunia mtoto wake, maadamu akubali kwamba fahari ni mwanzo wa kazi.

Tuanze na fahari yenyewe, kwa sababu haifai kubezwa. Mtoto wa darasa la pili huanza kwa kulipiga dumu la maji uani hadi mama akamkemea. Afikapo darasa la nne, amekwisha kupewa nafasi katika safu ya nyuma ya kwaya, na nyumbani hakuna asiyejua sauti yake ni ipi. Afikapo darasa la sita, huenda akakabidhiwa fimbo za endara. Endara ni marimba makubwa ya Wakonzo: vipande vya mti vilivyochongwa hulazwa juu ya vigogo vya migomba, na wachezaji kadhaa hupiga chombo hicho kimoja kwa pamoja, kila mmoja akishika sehemu yake. Mchezaji akiharakisha, wenzake wote wanaharibikiwa. Akilegea, wimbo unatoboka. Mzazi anayemwona mtoto wake akiishika sehemu yake katikati ya wenzake, asiyumbe wala asiwafunike, ameona jambo ambalo hakuna ripoti ya muhula iliyopata kumwonyesha. Ameona kwamba mtoto wake anaweza kuaminiwa. Fahari ya namna hiyo si majivuno, ni ushahidi.

Basi ije siku ya mashindano ya muziki, ngoma na maigizo. Mashindano haya hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka shule hadi wilaya, na kutoka wilaya hadi mkoa na taifa. Mzazi aliyetuma udhuru wakati wa kikao cha michango, siku hiyo huwahi. Mama hufunga duka, baba huacha shamba la kahawa. Noti hutolewa mfukoni na kubandikwa kwenye paji la uso la mchezaji. Vigelegele hupigwa. Kikombe kikipatikana huwekwa juu ya kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, mahali ambapo kila mgeni atakiona. Methali imetimia: mcheza kwao ametunzwa.

Je, siku ya pili yake kuna nini?

Siku ya pili yake ngoma hurudishwa stoo, pamoja na majembe na mifuko ya chokaa, na mlango hufungwa kwa kufuli. Mwalimu aliyekuwa akiongoza kwaya hurudia hisabati. Mavazi ya kuchezea hukunjwa yakingojea mwaka ujao. Mtoto aliyekuwa shujaa wa kijiji huambiwa sasa mchezo umekwisha, tushike masomo. Na hapo ndipo uwongo mkubwa unaposemwa, uwongo uliovishwa joho la hekima: kwamba muziki haukuwa somo.

Serikali ya Uganda haikusema hivyo. Mtaala wa shule za msingi unautambua muziki, na mtaala wa madarasa ya chini ulioanza kutumika mwaka 2007, ambao humfundisha mtoto kwa lugha ya eneo lake, umejaa nafasi za nyimbo na michezo. Lakini mtihani wa kumaliza shule ya msingi una karatasi nne tu: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Lisilotahiniwa huhesabiwa kuwa halipo. Matokeo yake ni kwamba si haba shule ambazo kipindi cha muziki kimo katika ratiba iliyobandikwa ukutani, na hakimo darasani. Kikifika, hugeuzwa kuwa marudio ya hesabu. Halafu, majuma machache kabla ya mashindano, mambo hupinduka: watoto hutolewa madarasani mchana kutwa, wakaimbishwa hadi sauti zikakauka, ili kikombe kipatikane. Hayo si mafundisho. Ni kumnenepesha ng'ombe kwa ajili ya mnada.

Tena tujiulize ni watoto gani wanaotolewa. Shule yenye watoto mamia hupeleka mashindanoni makumi. Huteuliwa wenye sauti zilizokwisha kupevuka na viungo vilivyokwisha kulainika, yaani wale ambao wanahitaji kufundishwa kidogo kuliko wote. Mwenye sauti ya kukwaruza hufukuzwa kwenye safu, naye ndiye aliyehitaji mwalimu. Mzazi wa mteule hufurahi, na mzazi wa aliyeachwa huambiwa kwamba mwanawe hana kipaji. Lakini nani amewahi kusema kwamba hesabu ifundishwe wale tu waliozaliwa wanajua kuhesabu?

Wapinzani wa rai hii wana hoja zao, na haifai kuzipita kimya.

Hoja ya kwanza ni wakati. Wanasema mtihani ni mgumu na siku ni chache, hasa tangu shule za Uganda zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, karibu miaka miwili kamili. Hasara ile ilikuwa kubwa, hakuna anayekana. Lakini anayedai kwamba muziki hula wakati hajapiga hesabu sawasawa. Kinachokula wakati ni yale majuma ya pupa kabla ya mashindano, ambapo masomo yote husimama. Kipindi kimoja kila juma, mwaka mzima, kwa kila darasa, kingeliondoa haja ya pupa hiyo. Kwaya iliyolelewa haihitaji kukeshewa.

Hoja ya pili ni ile ya mzazi mwenye hofu: muziki haulishi mtu. Atakuja kuwa mhuni wa dansi, asema, naye nataka awe mhandisi. Mzazi wa Kasese anayesema hivyo na aitazame historia ya mji wake. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na watu wengi waliamini kwamba kazi ya mgodini ni ngao ya maisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ulinyamaza, na baadaye gari moshi la abiria nalo likanyamaza. Hakuna elimu inayoweza kuahidi mshahara. Inayoweza kuahidi ni mtu kamili: mwenye kusikiliza, mwenye kukumbuka, mwenye kujua zamu yake. Isitoshe, kila mzazi wa Uganda husimama wima wimbo wa taifa unapoimbwa, na wimbo huo, uliosikika katika sherehe za uhuru wa Oktoba 1962, ni kazi ya mwalimu wa muziki, George Kakoma. Ni ajabu kuisimamia kazi ya mtu kwa heshima na kuidharau taaluma yake ukisha kuketi.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote, na inatoka Bwera. Mnamo Juni 2023 waasi walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, mwendo mfupi kutoka Bwera, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Mzazi wa mpakani ambaye hataki mtoto wake abakie shuleni hadi magharibi kwa mazoezi ya ngoma hana ujinga wowote. Ana kumbukumbu. Lakini tuitazame hoja hii vizuri, nayo itakuwa upande wetu. Mazoezi hufanyika jioni kwa sababu muziki umefukuzwa kutoka katika saa za mchana. Urudishwe kwenye ratiba, saa nne ya asubuhi, mwalimu akiwapo na mlango ukiwa wazi, na mtoto atarudi nyumbani pamoja na wenzake jua likiwaka. Anayemfanya mtoto achague kati ya usalama wake na wimbo wake ni yule aliyeinyima shule saa moja.

Wapo pia wanaopenda kututupia methali: Ngoma ya kitoto haikeshi. Ni kweli, haikeshi. Lakini haikeshi kwa sababu watoto ni watoto, wanahitaji mkubwa wa kuishika pamoja nao. Methali hiyo ni lawama kwa wakubwa walioondoka uwanjani. Watoto wenyewe hawana kosa.

Sasa tutazame kinachopotea. Milima ya Rwenzori ina hazina ya muziki ambayo nchi nyingi zingeionea wivu: endara niliyokwisha kuitaja, eluma ambayo ni filimbi zinazopigwa na kundi la watu, nyimbo za mavuno, za jando, za maombolezo. Watu wa milima hii waliutumia wimbo hata katika siasa. Vuguvugu la Rwenzururu lililopinga utawala wa Toro katika miaka ya 1960 lilikuwa na nyimbo zake za malalamiko na za historia, na wataalamu Peter Cooke na Martin Doornbos walichapisha uchunguzi juu yake mwaka 1982. Yaani wageni waliona kwamba nyimbo za Wakonzo ni maandiko yanayostahili kusomwa. Shule iliyoko chini ya mlima huo huo hufungua kufuli la stoo mara moja kwa mwaka.

Maradhi haya hayakuanza Kasese. Mwalimu Julius Nyerere, alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, alisikitika kwamba watu wa rika lake walifundishwa shuleni nyimbo za Wazungu, lakini hawakufundishwa nyimbo za Wanyamwezi wala za Wahehe. Leo watoto wa Bwera wamefundishwa wimbo wa Kikonzo, ndiyo, lakini kwa namna mpya ya ugeni: wameufundishwa kama maonyesho kwa ajili ya waamuzi. Wanajua hatua, hawajui maneno yanasema nini. Wanajua wapi pa kutabasamu, hawajui wimbo huo uliimbwa siku gani na kwa nani. Bibi anayejua yote hayo yuko nyumbani, umbali wa kutupa jiwe, na hajaalikwa.

Hapa ndipo suala hili linapotugusa sisi tunaofundisha Kiswahili. Katika mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi ni mzuri, lakini lugha haiingii moyoni kwa uamuzi. Uganda inalijua hilo. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wengi kilichobakia masikioni ni amri za kambini na za vizuizi vya barabarani. Lugha iliyotangulia kusikika kama kitisho inahitaji kusikika upya kutoka katika kinywa ambacho hakuna anayekiogopa. Hakuna kinywa cha namna hiyo kuliko cha mtoto anayeimba mbele ya mama yake.

Wimbo umekwisha kukitumikia Kiswahili hivyo zamani. Sahani za santuri za Siti binti Saad, ambaye alirekodi huko Bombay mwaka 1928, zilipeleka Kiswahili cha Unguja katika nyumba ambazo mwalimu hakupata kuziingia. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, aliimba katika Kiswahili cha Kongo na gita lake likasikika hadi Nairobi. Mtoto wa Bwera anaishi katikati ya njia hizo. Soko la Mpondwe na mji wa Kasindi ng'ambo ya mpaka humfundisha Kiswahili kabla hajaingia darasani. Husema mutu, kama wasemavyo jirani zake Wakongo, na nyumbani husema omundu. Mwalimu anayemcheka huyo amefunga mlango ambao tayari ulikuwa wazi.

Afadhali ampe ngoma. Kikonzo ni lugha ya toni, maana ya neno huweza kutegemea sauti kupanda au kushuka. Kiswahili sanifu hakina toni za namna hiyo, kina mkazo, nao hukaa katika silabi ya pili kutoka mwishoni. Kanuni hiyo ikiandikwa ubaoni haimwingii mtoto. Ikipigwa kwa ngoma, hataisahau. Pigo zito liangukie shu katika shule, kisha lisogee hadi le katika shuleni: mtoto atausikia mkazo ukihama. Neno mtu lipigwe mapigo mawili, la kwanza likiwa zito, naye atatambua kwamba m ile pekee yake ni silabi nzima, na kwamba haihitaji irabu ya kuitegemeza. Kisha zije kata na kataa. Mtunzi asiyejali mkazo akiweka pigo zito mahali pasipo pake na kuimeza irabu ya mwisho, watoto waliokusudia kuimba tumekataa wataimba tumekata. Wimbo wa kuulinda msitu wa Rwenzori utakuwa wimbo wa kujisifia shoka. Wasikilizaji watacheka, lakini darasa zima litakuwa limejifunza kwa kicheko kimoja kile ambacho kurasa kumi za kitabu zingeshindwa kufundisha.

Nasema hayo kwa tahadhari moja. Kiswahili kisije Kasese kama mvamizi wa uwanja wa ngoma. Upo ujinga wa kuuchukua wimbo wa Kikonzo, kuutia maneno ya Kiswahili juu juu, na kuuita wa kitaifa. Wimbo ulioumbwa kwa toni za Kikonzo ukilazimishwa kubeba mikazo ya Kiswahili huvunjika miguu yote miwili. Wimbo wa Kikonzo uimbwe kwa Kikonzo na ueleweke. Wa Kiswahili utungwe kwa Kiswahili, na kwa kuzingatia mizani tuliyoirithi. Mtoto mwenye viwili hana upungufu wa kimoja.

Basi tunadai nini? Hatudai karatasi ya tano katika mtihani. Kenya ilijaribu: katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, muziki pamoja na sanaa ulitahiniwa mwisho wa shule ya msingi, kisha ukaja ukaondolewa. Somo linaloishi kwa sababu ya mtihani hufa mtihani unapoondoka. Tunachodai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi.

Kwa mzazi: utakapoitwa kwenye mkutano wa shule, usiulize tu mtoto wangu amekuwa wa ngapi. Uliza kipindi cha muziki ni siku gani, saa ngapi, na nani anakifundisha. Uliza kama ni cha watoto wote au cha wateule. Ile noti unayoibandika kwenye paji la uso siku ya mashindano, toa mfano wake mwanzoni mwa muhula, iwambe ngozi ya ngoma iliyopasuka. Na kama wewe au mzee wako mnajua wimbo ambao shule haiujui, msingoje kualikwa, pigeni hodi.

Kwa mwalimu mkuu: kikombe kibaki juu ya kabati, hatukikatai. Lakini ufunguo wa stoo usikae mfukoni mwako mwaka mzima. Ngoma ambayo watoto hawaruhusiwi kuigusa ni samani.

Kwa mwalimu wa Kiswahili: usiseme muziki si somo langu. Silabi ni yako, mkazo ni wako, mizani ni yako, shairi ni lako, na mashairi yetu tangu asili yaliimbwa. Ukipewa vipindi vitatu kwa juma, kimoja kipite kwa sauti. Usingoje chombo cha fedha nyingi, viganja vya mikono vinatosha kuanzia.

Wakati umefika wa kuitimiza methali kwa maana zake zote mbili. Mtoto wa Kasese na wa Bwera amekwisha kucheza kwao, na amecheza vizuri. Noti amebandikwa, vigelegele amepigiwa. Sasa na apewe saa yake, mchana, kila juma, pamoja na yule mwenzake mwenye sauti ya kukwaruza.